Dawa ya kufungua mkojo

Ndugu zanguni, leo tuzungumze kuhusu mkojo. Kama upo mezani maliza kula kwanza, mada itakusubiri. Nanyi mliozoea kunikuta hapa nikilalamikia foleni za Dar na mishahara ya waandishi wa habari, mnivumilie kidogo. Huko nitarudi tu, foleni hazijaenda popote.

Kuna swali nimelisikia mara nyingi mno mwaka huu: "Kuna dawa gani ya kufungua mkojo?" Mama yangu aliniuliza kwa simu. Jirani wa kitanda cha pili wodini aliniuliza. Mshikaji wangu mmoja wa dawati la michezo, ambaye baba yake alivunjika nyonga akafanyiwa upasuaji, naye akaja mezani kwangu na swali hilohilo, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayekuja kukopa.

Swali lenyewe linaonekana jepesi. Mtu kafanyiwa upasuaji, upasuaji umekwenda vizuri, kidonda hakina neno, lakini mkojo hautoki. Si apewe kidonge utoke? Nimelifuatilia jambo hili kwa wiki kadhaa kama ninavyofuatilia habari ya gazeti: kuuliza, kusoma, kurudi kuuliza tena. Jibu nililolipata silo ambalo ndugu wa wagonjwa wanapenda kulisikia. Ndiyo maana naona heri niliandike.

Nianze na mjomba, maana yeye ndiye aliyenitia katika haya yote.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mtu wa Kagongwa. Kwa wasiopajua, Kagongwa ipo barabara kuu ukitoka Isaka kwenda Kahama, mkoani Shinyanga. Watu wa mbali wakisikia Kahama wanawaza dhahabu: Bulyanhulu, na ule mgodi wa Buzwagi uliosimamisha uzalishaji mwaka 2021. Wenyeji wa Kagongwa watakwambia dhahabu yao ni mchele. Mashine za kukoboa zimepangana, vumbi la pumba linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai, na malori yanapakia usiku na mchana. Mjomba alianza pale akiwa kijana wa kubeba magunia. Baadaye akawa dalali, na leo akiwa na miaka 67 ana stoo yake mwenyewe.

Ngiri ya kinena alikuwa nayo kwa miaka mingi. Ikitokeza anaisukuma kwa mkono, inarudi, anaendelea na kazi. Pale sokoni watu husema ngiri huletwa na magunia. Ukimuuliza daktari atakwambia kwamba mwanzo wake ni udhaifu wa ukuta wa tumbo, ila kunyanyua vizito na kujikaza kunaweza kuisukuma itokeze. Mwaka 2012 madaktari wa upasuaji wa Bugando, Mwanza, waliandika kuhusu ngiri za kinena wanazozitibu, na kilio chao kikubwa kilikuwa kwamba wagonjwa wanachelewa kufika. Mjomba angeweza kupigwa picha ikawekwa kwenye jalada la makala yale.

Mwaka huu akakubali kufanyiwa upasuaji. Hospitali siitaji jina. Sina ugomvi nayo, na haya yangeweza kutokea hospitali yoyote hapa duniani. Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, akapasuliwa akiwa macho huku akiwasikia wahudumu wakibishana habari za Simba na Yanga, na saa tano asubuhi akarudishwa wodini anatabasamu. Mimi nilikuwa nimefika tangu usiku wa jana yake kwa basi la kutoka Mbezi, miguu imevimba.

Saa saba mchana mzee bado anapiga stori. Saa kumi akawa kimya. Saa mbili usiku alikuwa anatokwa na jasho, tumbo la chini ya kitovu limetuna kama la mama mjamzito, na tangu atoke chumba cha upasuaji hajakojoa hata tone.

Hapo ndipo lilipoanza baraza la wodi. Mnalifahamu. Ndugu wa wagonjwa wote wanasogea, na kila mmoja ana dawa.

Wa kwanza akasema apewe Lasix, "ile dawa ya kukojoa". Jina likaandikwa kwenye kipande cha boksi, mke wa mjomba akafungua pindo la khanga akatoa shilingi elfu kumi, nikaambiwa nikimbie duka la dawa lililopo nje ya geti. Nikaona nimpitie kwanza sista wa zamu nimuulize. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Kaka, huyo mzee hana shida ya kutengeneza mkojo. Mkojo upo, umejaa. Ukimpa hiyo unamwongezea."

Tuiangalie kauli hiyo vizuri, maana humo ndimo tunamopotea wengi. Dawa kama furosemidi, ambayo Lasix ni jina lake la biashara, inafanya kazi kwenye figo. Inazifanya figo zitoe maji na chumvi nyingi zaidi, ndiyo maana wanapewa watu waliovimba miguu au wenye moyo uliochoka. Haina kazi yoyote kwenye mlango wa kibofu. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye mashine ya mpunga Kagongwa atanielewa: chini pakiziba, humwambii kijana aongeze mpunga juu.

Wa pili akasema mzee ana maumivu ya tumbo, apewe Buscopan. Hii nayo inauzwa sana, na kwa tumbo la kunyonga ina kazi yake. Lakini inatuliza tumbo kwa kulegeza misuli laini, na kibofu nacho ni mfuko wa misuli laini. Kibofu kilichoshindwa kujikamua ukikipa dawa ya kukilegeza, umekimaliza. Dawa nyingine za kawaida zina tabia hiyohiyo: Piriton tunayomeza kwa mafua, amitriptilini wanayopewa baadhi ya watu kwa maumivu ya mishipa ya fahamu au usingizi. Na zile dawa za mafua zenye kufungua pua zinaweza kuukaza zaidi mlango wa kibofu. Mzee mwenye tezi dume iliyotanuka anaweza kufungwa mkojo na vidonge vya mafua tu, bila hata kisu kumgusa.

Wa tatu akasema anywe maji mengi. Huyo nadhani tumeshamjibu.

Sasa, kwa nini mkojo uligoma? Nilikaa na daktari mmoja kijana wa hospitali ileile, akanichorea kwenye karatasi. Kukojoa tunakuona ni jambo la kitoto kwa sababu tulilijifunza utotoni. Kumbe ni mazungumzo marefu kati ya ubongo, uti wa mgongo na kibofu. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida kinabeba kama mililita 400 mpaka 600. Kikianza kujaa kinapeleka taarifa juu. Ubongo ukiridhia, msuli wa kibofu unajikamua na wakati huohuo mlango wa chini unalegea. Lazima yote mawili yatokee pamoja.

Upasuaji unavuruga karibu kila hatua. Ganzi ya mgongoni inazizima mishipa ya fahamu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, hiyohiyo inayohudumia kibofu, na mishipa hiyo huchelewa kuamka hata baada ya miguu kurudiwa na nguvu. Morfini na petidini zinapunguza hisia ya kubanwa na kukilegeza kibofu. Maumivu ya kinena yanamfanya mtu ajikaze, na aliyejikaza hawezi kulegeza mlango. Juu ya hayo anatundikiwa chupa za maji ya mshipani, moja baada ya nyingine, kwa hiyo kibofu kinajaa kwa kasi wakati mwenyewe hana habari. Na kama ni mwanamume mtu mzima mwenye tezi dume iliyotanuka, njia ilikuwa nyembamba tangu nyumbani.

Wala si jambo la ajabu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa kimataifa uliofuatilia watu 4,151 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena katika nchi 32. Kati ya wanaume, karibu 6 katika kila 100 walifungwa mkojo baada ya upasuaji. Kwa wenye miaka 65 na zaidi ilikaribia 10 katika kila 100. Mjomba wangu ana 67. Katika kila wazee kumi wa rika lake wanaopasuliwa ngiri, mmoja atajikuta pale alipojikuta yeye, na hakuna aliyemwambia kabla.

Basi sista akaja na kauli ambayo kila mtu wodini alikuwa anaiogopa: "Mzee, tukuwekee mpira."

"Mpira sitaki," mjomba akasema. "Nipeni dawa."

Nikamsogelea. "Mjomba, unaumia."

"Mjomba, niache. Wote ninaowajua waliowekewa mpira walikufa nao." Sisi huitana hivyo, mjomba kwa mjomba.

Najua wapo wasomaji watakaocheka. Msicheke. Kauli ile ina hesabu yake. Kule kijijini anayeonekana akitembea na mfuko wa mkojo mara nyingi ni mzee aliyechelewa sana kutibiwa tezi dume, au mwenye saratani, au aliyepooza. Watu wanauona mpira, kisha wanaona msiba, wanaunganisha. Yule aliyewekewa siku mbili ukatolewa akarudi shambani, nani atamjua? Hatembei akitangaza.

Kuna aibu pia, na hii madaktari wetu wanaisahau. Mzee alikuwa ameambiwa ajaribu kukojoa kwenye kopo, akiwa amelala chali, katika wodi ya watu zaidi ya ishirini, na pembeni ya kitanda amekaa mkamwana wake. Mkamwana! Hebu jiulize kama wewe ungeweza. Mimi kijana wa mjini nisingeweza. Sista, Mungu ambariki, alilielewa hilo haraka kuliko sisi ndugu. Aliwatoa wanawake wote, akavuta pazia, akamsimamisha mzee taratibu tukimshika huku na huku, akafungua bomba la maji pale kwenye sinki yachuruzike. Akampa na dawa ya maumivu. Hayo yote ni matibabu. Kwa wengine yanatosha: kusimama, faragha, maumivu kupungua, dakika chache za utulivu. Mwanamume wengi hakojoi vizuri akiwa amelala, hilo halihitaji shahada.

Kwa mjomba halikutosha. Yalitoka matone mawili matatu tu, maumivu yakazidi.

Daktari alipokuja hakumfokea. Alimwambia jambo moja ambalo nililiandika kwenye kijitabu changu usiku uleule. Alisema kibofu ni kama mpira wa manati: ukiuvuta kidogo unarudi, ukiuvuta kupita kiasi na kuushikilia muda mrefu unalegea, haurudi tena kama zamani. "Ukiukataa mpira leo kwa kuogopa kukaa nao, ndipo unapojitafutia kukaa nao." Mzee akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Haya. Lakini huyu mjomba wangu atoke nje."

Nikatoka. Niliporudi mfukoni kulikuwa na mililita 1,100, na mjomba wangu alikuwa anakoroma.

Sasa nirudi kwenye swali: je, dawa ya kufungua mkojo ipo au haipo?

Watu wameitafuta kwa muda mrefu. Kabla ya kidonge chochote kulikuwa na mrija. Katika karne ya 7 tabibu Sun Simiao wa China aliandika kuhusu kutumia jani la kitunguu, lile lenye tundu ndani, kumtoa mgonjwa mkojo. Mwaka 1752 Benjamin Franklin, huyuhuyu wa kwenye noti ya dola mia, alimtengenezea kaka yake mrija wa fedha unaopindika. Ule wenye kiputo kinachojazwa maji ndani ya kibofu ili usichomoke, ambao ndio tunaouita mpira leo, ulibuniwa na daktari Mmarekani, Frederic Foley, miaka ya 1930. Mjomba alikuwa na mpira wa Foley.

Vidonge na sindano vikafuata, na hoja zake zilikuwa mbili. Hoja ya kwanza: tukikamue kibofu. Ndipo zikaja dawa kama betanekoli, kabakoli na neostigmini, zinazouamrisha msuli ujikamue. Kwenye karatasi inaeleweka. Shida ni kwamba ukikamua mfuko ambao mdomo wake umefungwa hutoi kitu, unaongeza maumivu tu. Na dawa hizo hazikamui kibofu peke yake: mate yanatoka, jasho linatoka, tumbo linanyonga, mapigo ya moyo yanaweza kushuka.

Hoja ya pili: tuufungue mlango. Hapa ndipo zilipo tamsulosini na alfuzosini, zinazolegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi dume. Tamsulosini ilitoka Japani, na Marekani iliidhinisha itumike mwaka 1997. Leo ndiyo jina utakalolisikia zaidi ukikaa kwenye benchi la kliniki ya mkojo.

Je, zinafanya kazi baada ya upasuaji? Mwaka 2010 watafiti wawili, Brian Buckley na Marie Carmela Lapitan, walikusanya majaribio yote waliyoyapata kuhusu dawa za kutibu kufungwa mkojo baada ya upasuaji, wakayachapisha kama mapitio ya Cochrane. Dunia nzima walipata majaribio 7 yanayofaa, yenye watu 494 kwa jumla. Nilipoisoma namba hiyo niliirudia. Watu 494! Hao hawajazi hata gulio la Kagongwa, kwa tatizo linalowapata watu kila siku katika kila hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Walichokikuta ni hiki. Dawa za kukamua zikitumiwa peke yake hazikuonyesha faida ya wazi. Za kulegeza mlango peke yake, hivyohivyo. Za kutuliza, hivyohivyo. Ya kukamua ikichanganywa na ya kutuliza, kukawa na dalili kidogo ya faida. Iliyoonekana kusaidia zaidi ilikuwa prostaglandini, tena si ya kumeza wala ya sindano: inamiminwa ndani ya kibofu. Na unaimimina kwa kupitia nini? Kwa kupitia mpira! Yaani dawa iliyofanya vizuri kuliko zote inapita kwenye kitu kilekile ambacho mgonjwa alikuwa anakikimbia. Na hata hapo watafiti walionya kwamba ushahidi ni dhaifu, majaribio ni machache na madogo.

Ushahidi mzuri zaidi upo kwa jambo la jirani. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanaume zaidi ya 350 waliofungwa mkojo ghafla kwa sababu ya tezi dume, bila upasuaji. Wote waliwekewa mpira. Karibu theluthi mbili wakapewa alfuzosini, waliobaki kidonge kisicho na dawa, kisha mpira ukatolewa. Waliokojoa wenyewe kati ya waliopewa dawa ni karibu 62 katika kila 100. Kati ya waliopewa kidonge kitupu, karibu 48.

Tazameni jinsi jaribio lilivyopangwa. Mpira kwanza, dawa baadaye. Hakuna aliyeachwa na kibofu kimejaa eti anasubiri kidonge kimfungue. Kazi ya dawa ni kuongeza uwezekano kwamba mpira ukitoka, hautarudi. Ndivyo madaktari wengi wanavyoitumia hata kwa wagonjwa wa upasuaji, hasa wanaume wazee wenye tezi dume. Wapo pia waliojaribu kuwapa tamsulosini kabla ya upasuaji ili kuzuia kabisa, na majibu yamegawanyika: majaribio mengine yanaona faida, mengine hayaoni tofauti.

Mjomba alipewa tamsulosini, kidonge kimoja kila jioni. Akaonywa asinyanyuke kitandani kwa pupa, maana dawa hizi zinaweza kushusha presha na mzee akapata kizunguzungu akaanguka. Akaambiwa pia kwamba siku akienda kutibiwa mtoto wa jicho amwambie daktari wa macho kwamba aliwahi kuitumia, kwa sababu inalegeza hata misuli ya mboni na inaweza kumsumbua anayepasua. Siku ya tatu asubuhi mpira ukatolewa. Saa nne akaenda chooni kwa miguu yake, peke yake, mlango umefungwa. Sisi tulikuwa nje tumetega sikio kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi.

Alipotoka alimsalimia kila mtu kwenye korido, "Mwangaluka! Mwangaluka!" Nikajua mambo yamekuwa mazuri.

Tangu siku ile habari inayosimuliwa Kagongwa ni hii: mzee alifungwa mkojo, akapewa kidonge cha Dar, kikamfungua. Mpira haumo kwenye simulizi. Hata mjomba mwenyewe ameshauondoa! Na hili ndilo linaloninyima usingizi kama mwandishi. Rudini kwenye zile namba: katika kila 100 waliopewa kidonge kitupu, 48 walikojoa. Inawezekana kabisa mjomba angekojoa bila dawa, kwa sababu ganzi ilikuwa imeisha, maumivu yamepungua, na kibofu kimepumzishwa siku mbili. Mtu mmoja aliyepona hawezi kukwambia ni kipi kilichomponya. Lakini mtu mmoja aliyepona ndiye anayeaminika pale sokoni kuliko majaribio yote ya Cochrane. Mzee mwingine atafungwa mkojo, atakataa mpira, atamtuma kijana na elfu kumi kutafuta "kile kidonge". Ndani ya hizo saa sita za kuzungukia maduka, kibofu kitakuwa kinavutika.

Duka la kwanza atakalolikuta huenda ni duka la dawa muhimu. Maduka hayo yalianzishwa mwaka 2003 kwa majaribio mkoani Ruvuma ili kuziba pengo la vijijini, yakachukua nafasi ya yale ya dawa baridi, na yameokoa wengi kwa dawa za malaria na kuhara. Lakini kibofu kilichojaa hakitibiki kaunta. Hata muuzaji mwaminifu kuliko wote hana namna ya kujua kama mkojo haupo kwa sababu figo hazifanyi kazi, au upo na hautoki. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa, na tiba ya moja ni sumu kwa nyingine.

Simaanishi mpira ni kitu kitamu. Unaumiza, unaweza kuleta maambukizi, na kila siku unayokaa nao hatari ya maambukizi inaongezeka. Ndiyo maana una haki ya kuuliza kila asubuhi: unatoka lini? Wengine hutolewa mkojo mara moja tu na mpira ukaondolewa palepale.

Kwa hiyo kama una baba, babu au mjomba anayekwenda kupasuliwa, iwe ngiri, nyonga, bawasiri au busha, kaeni naye siku moja kabla. Muulize, au umtafute mwanamume wa rika lake amuulize, kama mkojo huwa unachelewa kuanza, unakatikakatika, au unamwamsha mara nyingi usiku. Aliwahi kufungwa? Anapata choo vizuri? Maana hata kufunga choo kunachangia. Andika dawa zote anazomeza, za mafua na za usingizi zikiwemo, umpe daktari karatasi hiyo. Mwambie mapema kwamba mpira unaweza kuhitajika kwa siku moja au mbili na kwamba hutolewa. Akirudi wodini andika saa. Zikipita saa nne mpaka sita bila mkojo, au tumbo la chini likianza kutuna, usisubiri aombe, na usisubiri maumivu, kwa sababu ganzi inaweza kuyaficha. Mwite nesi. Mtoe mkamwana. Vuta pazia.

Wenye wazee waliopitia haya, niandikieni. Na anayetaka kunipigia simu kuniuliza dawa ya kufungua mkojo anipigie tu, ila ajue nitamuuliza kwanza mgonjwa amekojoa mara ya mwisho saa ngapi, na kama hospitali iko mbali.